Tanga kwa Kupitia Sigi

Najua nimekuwa kimya. Safari hii kimya kilikuwa na sababu nzuri: nilikuwa Tanga. Ndiyo, Tanga ile ile ambayo ukitaja tu kwamba unakwenda huko, kila mtu kijiweni ana la kusema. Mmoja anakuonya kuhusu mahaba, mwingine kuhusu majini, na wa tatu anakukumbusha kwamba huko ni "waja leo, waondoka leo". Maana ya msemo huo nimeshaelezwa mara tatu na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na maana yake.

Wengi wetu tunaotoka Dar tunakwenda Tanga kwa njia moja. Chalinze, Segera, Muheza, halafu hao mjini. Dirishani unaona mashamba ya katani yamejipanga mistari kama wanafunzi paredi, unanunua machungwa Muheza, unasinzia kidogo, ukiamka umefika. Mimi safari hii niliteremka Muheza na kwenda kwanza Sigi. Nikawaona watu wa mto kabla ya kuuona mji unaokunywa mto huo. Nawaambia jamani, Tanga ni nyingine kabisa ukiingilia upande huo.

Nianze na jiografia kidogo, maana hapa wengi tunachanganya. Ukisema Usambara, mtu wa mjini anakuja na Lushoto: baridi, kabichi, plamsi, Irente na ule mwamba unaotazama nyika, pamoja na majengo ya Wajerumani waliouita mji ule Wilhelmsthal. Sawa, Lushoto ni Usambara, lakini ni Usambara ya Magharibi. Kuna Usambara ya pili upande wa mashariki, na katikati yao limekaa bonde la Lwengera. Hii ya mashariki imeinuka karibu na bahari. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu unakutana na ile milima kabla haujafika mbali, na mvua inateremka. Ndiyo maana misitu ya huko ni minene namna ile, na ndiyo maana kuna mto Sigi.

Utakuta wengine wanaandika Zigi. Mto ni ule ule.

Nilichukua bodaboda kutoka Muheza. Kijana aliyenibeba aliniuliza kama mimi ni mtafiti. Nikamwambia hapana, mwandishi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi kaka, andika na hii barabara." Nimeiandika. Ni ya vumbi, ina mawe, na ikinyesha mvua yeye mwenyewe anajua afanye nini, abiria wake kazi yao ni kushika vizuri.

Sigi ni mlangoni mwa hifadhi ya mazingira ya Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Kuna nyumba ya zamani ya Wajerumani, kuna kibao, kuna sauti ya mto ambayo haiachi usiku wala mchana. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ndogo ilikuwa inafika hapa kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, ikija kufuata mbao za milimani. Juu zaidi, Amani penyewe, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia kuona ipi itakubali. Baadhi ya ile miti ilikubali kupita kiasi na leo imesambaa msituni bila kuombwa. Kitu kimoja kilikwenda upande mwingine: lile ua dogo la zambarau ambalo wazungu wanaliweka madirishani kwenye vyungu. Jina lake la kitaalamu la zamani, Saintpaulia, lilitokana na mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mimea hiyo kwao mwaka 1892. Milioni za madirisha Ulaya na Marekani zina ua la Usambara, na wenye madirisha hawajui Muheza iko wapi.

Lakini sikwenda kutazama maua. Nilikwenda kuongea na watu.

Siku ya pili nilimkuta mzee mmoja anapalilia mdalasini kwenye mteremko karibu na mto. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu tena kwa Kisambaa, "Onga mshi," akacheka alipoona nimekwama. Tukakaa chini ya mti. Akanionyesha kwa fimbo mahali shamba lake lilipokuwa linaishia zamani, pale pale ukingoni.

"Pale nilikuwa napanda mahindi, mwanangu. Mahindi ya pale yalikuwa hayakosi. Sasa tumeambiwa mita 60 kutoka mtoni usilime. Shamba langu lote kutoka mto mpaka juu kwenye njia ni kama mita 100. Sasa wewe umesoma, nipigie hesabu."

Sikuhitaji kikokotoo. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2004, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na inasema wazi kuhusu hizo mita 60. Ukiisoma ukiwa Dar ni sheria nzuri. Ukiisoma ukiwa umekaa na mzee yule bado ni sheria nzuri, ila sasa unaona imekula zaidi ya nusu ya shamba la mtu.

Nikamuuliza kama ana hasira. Akasema hapana, anajua kwa nini. Alikuwa kijana wakati mto ulipokuwa unateremka na matope mekundu kila masika, na anakumbuka zile siku za dhahabu. Hizo na mimi nazikumbuka kutoka magazetini: mwishoni mwa 2003 habari zilienea kwamba Sakale, huko huko Usambara ya Mashariki, kuna dhahabu, na watu kwa maelfu wakavamia mito na misitu na majembe na karai. Watu wa Tanga mjini wakaanza kuuliza wanakunywa nini.

"Sasa nimepanda mdalasini, karafuu na matunda," mzee akaniambia. "Miti inashika udongo. Lakini mdalasini hauliwi ugali. Mahindi tunanunua."

Na hii habari ya viungo, ndugu zangu, ina mkia mrefu. Chai ya iliki unayokunywa, maandazi ya iliki, pilau ya harusi, sehemu ya ile iliki imetoka hapa. Iliki inapenda kivuli. Mkulima haikati miti mikubwa, anafyeka ile midogo ya chini na kupanda iliki humo. Kwa macho unaona msitu bado upo. Lakini miti michanga ndiyo iliyokuwa irithi nafasi ya wakubwa, na imeshafyekwa. Baada ya miaka udongo unachoka, mkulima anasogea mbele, na nyuma yake panabaki msitu wa wazee wasio na watoto.

Katika miaka ya 2000 msitu wa Derema, ambao unaunganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, ulitengwa kwa ajili ya hifadhi na wakulima waliokuwa na iliki humo wakatakiwa kutoka. Kulikuwa na fidia, kulikuwa na kuhesabu mashina, kulikuwa na malalamiko, na zoezi lilichukua miaka. Watu wa vijiji vya karibu na Amani walianza pia kufuga vipepeo wa kuuza nje, kwenye majumba ya maonyesho Ulaya na Marekani. Biashara safi kabisa. Kipepeo anahitaji majani ya msitu, kwa hiyo mfugaji anahitaji msitu ubaki. Halafu mwaka 2016 serikali ikasimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, lengo likiwa ni kuzuia biashara haramu, na kipepeo naye akahesabiwa mnyama hai. Mama mmoja aliyewahi kufuga aliniambia hayo huku anachambua maharage, bila kuinua sauti. "Tulitoka kwenye iliki tukaenda kwenye vipepeo. Vipepeo navyo wakavifunga. Sasa tupo."

Sasa tupo. Nimekaa na hayo maneno mawili tangu siku ile.

Nikateremka Tanga siku ya tatu.

Sasa hapa niseme ukweli, mimi ni mtu wa Dar na nimezoea mji unaokufukuza. Tanga haikufukuzi. Barabara zake za katikati ni pana na zimenyooka, zina miti, na mtu mzima anaendesha baiskeli bila haraka huku ameshika mwavuli. Nilitembea asubuhi nzima eneo la Uhindini, chini ya vibaraza vya maghorofa ya zamani, yenye roshani za mbao na mengine yakiwa na mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa ukutani. Rangi imebabuka. Chini kuna duka la vitambaa, duka la vipuri vya baiskeli, fundi saa mmoja amekaa na kioo chake jichoni kana kwamba hakuna aliyemwambia kuhusu simu. Kuna mnara wa saa wa enzi za Mjerumani, kuna bustani inayotazama bandari, kuna boma la zamani ambalo limetengenezwa kuwa makumbusho. Ukitaka kujua Tanga ilivyokuwa kubwa enzi za katani, tazama majengo haya. Mbegu ya utajiri wote ule aliileta Richard Hindorf mwaka 1893: miche ya katani kutoka Florida, ambayo iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Ukivuka reli unaingia Ngamiani, na hapo mitaa inabadilika. Barabara zina namba badala ya majina. Mtu anakuelekeza, "Nenda barabara ya nane, kata kushoto, uliza kwa mama fulani," na unafika kweli. Nyumba za chini, milango wazi, baraza nje, wazee wanacheza bao, wasichana wanasukana. Kiswahili cha pale, jamani! Mtu anakupunguzia bei kwa sentensi ambayo ungetaka kuiandika. Sishangai kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapo hapo karibu na mji, mwaka 1909. Ugomvi mmoja tu nilioushuhudia, wa chenji, ulikuwa na methali mbili ndani yake.

Mchana nilikula bada na samaki kwa mama lishe mmoja barabara ya kumi na mbili. Bada ni ugali wa muhogo, kwa wale wasiojua, na kama hujui usimwambie Mtanga. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na bomba. Bila kufikiria nikamuuliza, "Mama, haya maji yanatoka wapi?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Yanatoka bombani, mwanangu."

Wateja wakacheka na mimi nikacheka. Lakini kijana mmoja, fundi wa pikipiki kwa mafuta yaliyokuwa mikononi, akasema, "Mabayani." Mwingine akasema, "Mabayani ni bwawa tu, maji yenyewe ni ya Sigi." Mama akaweka mwiko chini. Akasema yeye anazaliwa na kukulia Ngamiani na Sigi hajawahi kufika. Watu sita tulikuwa pale. Aliyewahi kufika alikuwa mmoja, mimi mgeni.

Ni umbali wa safari ya nusu siku. Na mji mzima unaoga, unapika, unaosha vyombo na kutawadha kwa maji ya mto ule, yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa na kuletwa mjini. Yale mapana ya barabara, ile miti, ule utulivu tunaousifia, vyote vinakaa juu ya bomba moja. Mto ukija na matope bwawa linajaa udongo na gharama ya kusafisha maji inapanda. Mto ukipungua hakuna mto mwingine wa akiba uliojificha nyuma ya Ngamiani.

Tusiwaonee watu wa mjini pia, maana wapo walioamka. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wana umoja wao wa wahifadhi mazingira, UWAMAKIZI, wa kupanda miti, kuchimba makinga maji na kuacha ukingo upumue, na mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikiwaunga mkono. Mwaka 2024 mamlaka hiyo hiyo ilifanya jambo ambalo halikuzoeleka kwetu: iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, ya shilingi bilioni 53.12, ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ili kupata fedha za kupanua huduma ya maji. Kwa hiyo kuna mtu amekaa Masaki ana karatasi inayomlipa riba kwa sababu ya maji ya Sigi. Simlaumu, ni uwekezaji halali na mji unauhitaji. Bandari inapanuka, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, ng'ambo ya ghuba. Wageni watakuja, hoteli zitajengwa, na kila chumba kitakuwa na bafu.

Ninachouliza mimi ni kidogo tu. Mwenye karatasi Masaki anajua atalipwa lini na kiasi gani. Mzee wa mdalasini je? Anapewa semina, anapewa miche, anapewa kofia ya siku ya mazingira. Miche si kitu kibaya, ile mdalasini ilitokana na miche. Lakini mita 60 alizoacha anaziacha kila mwaka, kila msimu, na mahindi ananunua kila mwaka. Kwa akili yangu ya uandishi wa habari, sio ya uchumi, kitu unachokitumia kila mwezi unakilipia kila mwezi. Ankara ya maji ikija na shilingi chache zilizoandikwa wazi kabisa "za Sigi", zikaenda kwa watu wa ukingoni kwa hesabu inayosomwa mbele ya kijiji, sidhani kama kuna Mtanga atakayezira. Mama wa bada nilimuuliza. Alisema, "Kama zitafika kweli kwa huyo mzee, nitatoa. Zikiishia ofisini, sitoi." Sijasikia mchumi aliyeliweka vizuri zaidi.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda Raskazone kupumzika, maana hata mwandishi ana mwili. Raskazone ni ile rasi ya mashariki ya mji, ukipita Bombo. Nyumba kubwa za zamani zimejificha kwenye bustani, barabara ina kivuli, na ukishuka chini kuna ngazi za kuingilia baharini. Bahari ya ndani ya ghuba, tulivu, kijani. Mbele yako kuna kisiwa cha Toten na majahazi yanapita taratibu. Ni vigumu kuamini kwamba hapo hapo Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishuka kwa maelfu, likapigwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakaingia vitani, wakauma bila kuchagua upande. Baada ya siku chache Waingereza wakarudi melini na kuacha silaha ufukweni. Leo kelele kubwa ni ya watoto wanaorukia maji.

Nikaogelea mpaka vidole vikakunjamana. Nikala pweza, nikasoma gazeti, nikalala chini ya mti mchana kweupe, jambo ambalo Dar lingenigharimu simu na viatu. Jioni upepo ulianza kuvuma kutoka baharini kwenda bara. Ni upepo ule ule. Ukitazama magharibi siku isiyo na ukungu unaiona milima, mstari wa bluu, na juu yake mawingu yameshaanza kujikusanya.

Kabla ya kuondoka ukitoka baharini Raskazone unajimwagia maji baridi kuondoa chumvi. Kulikuwa na bomba la mvua la nje na foleni fupi. Mbele yangu mtoto wa miaka kama sita alikuwa anacheza chini ya maji hayo na hataki kutoka. Baba yake akamwambia, "Toka bwana, maji ya watu hayo." Alikuwa na maana ya sisi tuliokuwa kwenye foleni. Mimi nilimfikiria mzee na fimbo yake.

Kwa hiyo ukienda Tanga, na nakuomba uende, tenga siku moja ya Sigi. Chukua boda Muheza, shika vizuri. Nunua iliki na mdalasini kwa mwenye shamba badala ya kusubiri supamaketi, na usibishane sana bei. Ukifika mjini uliza maji yanatoka wapi, uwaache wakucheke. Halafu nenda Raskazone ukaogelee.

Mimi nimerudi Dar. Nina mfuko wa mdalasini mezani, na bombani kwangu leo hakuna maji.

Alamsiki.